Mlezi Naye Ana Mwili: Magonjwa ya Kuambukiza Katika Vituo vya Kulelea Watoto Mchana



Mtoto akitokwa na tetekuwanga kituoni, watu watatu hutafutwa upesi. Mama hupigiwa simu aje amchukue. Mganga wa zahanati huulizwa dawa. Mwenye kituo huandamwa na wazazi wengine wakitaka kujua kwa nini mtoto mgonjwa aliachwa acheze na wenzake. Yupo mtu wa nne ambaye hakuna anayemuuliza neno. Ndiye aliyempokea mtoto yule asubuhi, akamfuta kamasi, akamlisha uji, akambadilisha nepi na kumlaza kifuani alipolia. Hatumuulizi mlezi huyu kama aliwahi kuugua tetekuwanga utotoni. Hatumuulizi kama ni mjamzito. Hatumuulizi jioni anarudi nyumbani kwa nani.

Ninalotaka kulisema leo ni kwamba ugonjwa unaoambukizwa kituoni ni suala la kazi, kama vumbi la mgodini lilivyo suala la kazi kwa mchimbaji. Mpaka leo tumelichukulia kama suala la watoto na usafi wa mama zao, na kwa kufanya hivyo tumewaacha walezi bila kinga. Wala watoto wenyewe hatujawakinga vizuri, kwa sababu mwili wa mlezi ndio njia ambayo ugonjwa mwingi hupita kutoka kwa mtoto mmoja kwenda kwa mwingine.

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii. Nimeingia katika vituo vingi vya jiji hili la Dar es Salaam, vile vyenye simba na twiga waliochorwa ukutani, na vile vya chumba kimoja cha kupanga ambako watoto hulala kwenye jamvi na mlezi ni mmoja tu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo visajiliwe, na Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto iliyozinduliwa Dodoma Desemba 2021 imesaidia viongozi wengi kuelewa kwamba miaka ya mwanzo ya mtoto ina uzito wa pekee. Hayo ni mema. Lakini vituo vingi vya mitaani havijawahi kufikiwa na afisa yeyote, na huko ndiko waliko watoto wa mama ntilie, wa wauza samaki wa Feri, wa wafanyakazi wa majumbani na wa walinzi. Nataka niwazungumzie walezi wa huko kwanza.

Tuanze na wakati, maana hapo ndipo lawama nyingi zisizo za haki huzaliwa. Mtu huamini kwamba mtoto huanza kuambukiza siku upele unapoonekana. Sivyo. Mwenye surua huanza kuambukiza siku 4 kabla ya upele, wakati bado ana mafua, kikohozi na macho mekundu tu, na huendelea hadi siku 4 baada ya upele kutoka. Virusi vyake huweza kubaki hewani kwa saa 2 baada ya mgonjwa kuondoka chumbani. Mgonjwa mmoja akiwa kati ya watu wasio na kinga huambukiza wastani wa watu 12 hadi 18. Mwenye tetekuwanga naye huambukiza siku 1 au 2 kabla ya lengelenge la kwanza, mpaka malengelenge yote yawe yamekauka na kufanya magamba. Hesabu hizo zinasema kitu kimoja: geti la kituo haliwezi kuzuia magonjwa haya. Mlezi anayelaumiwa kwa kumpokea mgonjwa mara nyingi alimpokea mtoto aliyekuwa anacheka.

Kinachozuia surua ni kadi ya kliniki. Chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto anapotimiza miezi 9 na tena akiwa na miezi 18. Dozi ya pili ndiyo inayosahaulika, kwa kuwa baada ya miezi 9 mama wengi huona safari ya kliniki imekwisha. Mlezi anayeomba kuiona kadi siku ya kumwandikisha mtoto, na anayejua kuisoma, anafanya kazi kubwa kuliko dawa yoyote ya kupulizia ukutani. Ningependa kila mlezi afundishwe kuisoma kadi ile kama anavyojua kusoma tarehe kwenye pakiti ya maziwa.

Yapo pia magonjwa ambayo geti lingeweza kuyanasa, lakini huvushwa. Nanyi mnajua yanavyovushwa. Saa kumi na mbili asubuhi mtoto ananyweshwa parasetamoli. Anafika kituoni ametulia, ngozi yake ni baridi. Dawa ile hushusha homa kwa muda wa saa 4 hadi 6, basi ifikapo saa tano mtoto anawaka moto mikononi mwa mlezi na simu ya mama haipatikani, kwa sababu yuko kiwandani na simu zimewekwa kabatini. Kesho yake asubuhi, mazungumzo getini huwa hivi:

“Mama Amina, jana mtoto alichemka sana.”

“Ni meno tu, dada. Anaota.”

Naomba niseme juu ya meno, kwa kuwa jambo hili limeniuma miaka mingi. Kuota meno hakumletei mtoto homa kali, wala hakumharishi maji. Mtoto wa miezi 6 hadi 18 anaharisha kwa sababu umri huo anatambaa, anaweka kila kitu mdomoni, na kinga aliyotoka nayo tumboni mwa mama imekwisha kupungua. Meno yamefika wakati huohuo, yakabebeshwa kosa. Na kosa hilo lina matunda mabaya zaidi: wapo wanaompeleka mtoto anayeharisha kwenda kung’olewa yale wanayoyaita meno ya plastiki, ufizi wa kichanga unachokonolewa kwa kifaa kichafu, wakati alichohitaji ni maji ya chumvichumvi ya ORS na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Mlezi akisikia neno hilo getini asicheke wala asigombe. Amweleze mama taratibu, na amwoneshe njia ya zahanati.

Kwa nini mama anamficha mgonjwa? Simlaumu, na ninaomba nanyi msimlaumu kabla ya kutazama sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kama ilivyotungwa, ilimpa mfanyakazi angalau siku 4 za mapumziko yenye malipo kwa ajili ya ugonjwa au kifo cha mtoto au msiba wa ndugu wa karibu, na mzunguko wa likizo ya namna hiyo ni miezi 36. Siku nne katika miaka mitatu! Tetekuwanga moja peke yake inaweza kumweka mtoto nyumbani wiki nzima. Huyo ni mama aliyeajiriwa kwa mkataba. Mama anayeuza mihogo ya kukaanga kituo cha daladala hana hata hizo nne. Akikaa nyumbani na mgonjwa, jioni hakuna unga. Basi ule mzigo ambao sheria haikuubeba na mwajiri hakuubeba, mama anaufunga mgongoni, anautua getini, na mlezi anaupokea.

Hata hivyo siyo kila mgonjwa arudishwe nyumbani. Hofu nayo huumiza watoto. Mtoto mwenye homa ya malaria anahitaji kupimwa na kutibiwa haraka, lakini kwa kukaa karibu na wenzake hawaambukizi. Mtoto anayeishi na virusi vya UKIMWI hana hatari kwa yeyote kituoni, na kumkataa ni ukatili na ni kinyume cha sheria. Mtoto mwenye selimundu anaugua mara kwa mara, lakini ugonjwa wake alizaliwa nao. Mapunye ya kichwani yanatisha macho kuliko mwili. Akishaanza dawa mtoto anaweza kuja. Januari 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulipoenea Dar es Salaam, nilipita kituo kimoja ambako watoto walipigwa marufuku kuonana kabisa kwa siku nyingi, huku taulo moja ikiendelea kufuta nyuso zote. Nilitamani taulo ile ndiyo ipigwe marufuku.

Wa kubaki nyumbani ni mwenye surua, mwenye tetekuwanga ambayo haijakauka, mwenye kifaduro, na mwenye kuharisha au kutapika. Uingereza vituo hufuata kanuni ya saa 48 tangu mtoto alipoharisha au kutapika mara ya mwisho, na sioni sababu ya sisi kuwa na kanuni legevu zaidi, ilhali maji yetu ni machache kuliko yao.

Jambo jingine linalohusu macho ya mlezi. Picha nyingi za upele zilizomo katika vitabu zilipigwa kwenye ngozi nyeupe, na maelezo yake husema “wekundu”. Mlezi wa Mbagala akiutafuta wekundu kwenye ngozi ya mtoto wake mweusi hatauona, atadhani hakuna kitu. Atumie kiganja. Upele wa surua hukwaruza kidogo ukipapaswa, huanzia nyuma ya masikio na usoni ukashuka mwilini, na mtoto huwa na macho yanayochuruzika na kikohozi. Amtazame mdomoni pia, ndani ya mashavu, atafute vidoa vidogo vyeupe vinavyotangulia upele. Nimewaona walezi wasiopita hata kidato cha pili wakiitambua surua kwa njia hii kabla ya mganga.

Sasa niingie kwenye mwili wa mlezi mwenyewe. Walezi wetu wengi ni wanawake wa umri wa kuzaa. Jamii inayaita haya “magonjwa ya watoto”, na jina hilo huwafanya watu wazima wajione wako salama. Ukweli ni kwamba baadhi yake humpiga mtu mzima vibaya kuliko mtoto.

Tetekuwanga ni mfano bora. Katika nchi za baridi, karibu kila mtu huugua tetekuwanga akiwa mdogo, akabaki na kinga ya maisha. Katika nchi za joto kama yetu mambo hayaendi hivyo: ugonjwa huu huwapata watu katika umri mkubwa zaidi, na watu wazima wengi huufikia utu uzima bila kuwahi kuugua. Chanjo yake haimo katika ratiba ya kawaida ya taifa. Maana yake mlezi wa Temeke ana uwezekano mkubwa kuliko mlezi wa London wa kukutana na tetekuwanga bila kinga yoyote. Mtu mzima akiupata, hatari ya kuvimba mapafu ni kubwa zaidi. Mjamzito akiupata katika wiki 20 za mwanzo, mara chache lakini kweli, mtoto aliye tumboni huweza kupata makovu, ulemavu wa viungo na kasoro za macho. Akiupata karibu kabisa na kujifungua, upele ukimtoka kati ya siku 5 kabla na siku 2 baada ya uzazi, kichanga huzaliwa na virusi bila kinga ya mama na huweza kufa. Mlezi mjamzito ambaye hajawahi kuugua tetekuwanga, akigusana na mgonjwa, aende kliniki siku hiyohiyo, asingoje lengelenge.

Rubela ina historia ambayo walezi wanapaswa kuijua. Mwaka 1941 daktari wa macho wa Sydney, Norman Gregg, aliona vichanga wengi mno wenye mtoto wa jicho. Inasimuliwa kwamba aliwasikia mama waliokuwa wakisubiri kuonwa wakizungumza wao kwa wao: wote waliugua rubela mwanzoni mwa mimba. Akafuatilia. Kati ya vichanga 78 aliokusanya habari zao, mama wa 68 walikuwa wameugua rubela wakiwa wajawazito. Kabla ya hapo rubela ilihesabiwa ugonjwa mwepesi, homa kidogo na vipele vya siku tatu. Na kwa mtoto ni mwepesi kweli. Ubaya wake uko tumboni: macho, masikio, moyo.

Tanzania ilianza kutoa chanjo ya rubela pamoja na surua mwaka 2014, kwa kampeni iliyowalenga watoto wa miezi 9 hadi chini ya miaka 15. Fanyeni hesabu. Mwanamke aliyekuwa na miaka 15 au zaidi mwaka huo hakuguswa na kampeni ile. Leo ana zaidi ya miaka 25, na huenda ndiye anayelea watoto kumi na watano katika chumba kimoja. Huenda aliugua utotoni akapata kinga, huenda hakuugua. Hakuna aliyempima, wala hakuna aliyemwambia kwamba lipo jambo la kupima. Mchimbaji wa mgodi hupimwa kifua kabla ya kuingia shimoni. Mlezi huulizwa tu kama anapenda watoto.

Kuna virusi vingine ambavyo havina hata jina la mtaani, vinaitwa pavovairasi B19. Kwa mtoto mzima wa afya huleta homa na mashavu kuiva, na kwenye ngozi nyeusi hata kuiva kwenyewe hakuonekani vizuri. Vinapoingia kwa mwenye selimundu, husimamisha kwa siku kadhaa utengenezaji wa chembe nyekundu za damu, na kwa kuwa chembe zake hazidumu, damu huporomoka ghafla. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye idadi kubwa zaidi ya watoto wanaozaliwa na selimundu duniani. Mtoto mwenye selimundu aliyekuwa akicheza jana na leo amepauka midomo na viganja, amelegea, anahema haraka, apelekwe hospitali mara moja. Na mlezi mwenye selimundu, wapo, ajue kwamba hali hiyohiyo inaweza kumpata yeye. Mjamzito pia ana haki ya kuambiwa, kwa sababu virusi hivi vinaweza kumpunguzia damu mtoto aliye tumboni.

Nataja haya kwa undani kwa sababu miongozo mingi inayosambazwa imenakiliwa kutoka nchi nyingine. Huko huwaonya sana walezi juu ya homa ya ini ya aina A na virusi vya saitomegalo, na wana sababu, maana watu wazima wengi wa huko hawajawahi kukutana navyo. Kwetu watu wengi walishaambukizwa navyo wakiwa wadogo, bila kujua. Hatari yetu kubwa iko kwenye tetekuwanga, rubela kwa waliokosa chanjo, kuhara, na kifua kikuu. Tuandike mwongozo wa walezi wa hapa kwa magonjwa ya hapa.

Kuhara. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa hapa mlezi ana uwezo mkubwa kuliko mahali pengine popote. Bakteria wa shigela hawahitaji jeshi. Kumi wanaweza kutosha kumwangusha mtu. Virusi vya rota navyo huambukiza kwa idadi ndogo mno, na mtoto mgonjwa huvitoa kwa mabilioni katika choo chake. Tulianza kuchanja dhidi ya rota mwaka 2013 na chanjo imeokoa wengi, lakini vimelea vingine vya kuhara vipo palepale. Vyote hupita njia moja: kutoka nepi hadi mkono, kutoka mkono hadi kijiko cha uji.

Sasa tazameni kazi ya mlezi aliye peke yake. Saa nne ni saa ya uji, na saa nne hiyohiyo watoto wawili wamejisaidia. Maji yako kwenye ndoo nje, kata imeelea ndani yake. Anachota kwa mkono uleule uliotoka kwenye nepi, ananawa haraka, anarudisha kata ndani ya ndoo. Kuanzia hapo ndoo nzima imechafuka, na kila atakayenawa baada yake anajipaka. Nisingethubutu kumwita mzembe mwanamke huyu. Amewekwa kwenye kazi ya watu wawili na vifaa vya mtu asiye na choo.

Ndoo yenye koki, au kibuyu chirizi kinachokanyagwa kwa mguu, huondoa tatizo la kata kabisa, na kibuyu chirizi ni dumu, kamba, mti na msumari. Sehemu mbili za kunawia ziwekwe: moja karibu na mahali pa nepi, nyingine karibu na sufuria. Mahali pa kubadilisha nepi pasiwe mezani pa kulia chakula, hata kama nyumba ni ndogo kiasi gani. Poti zimwagwe chooni, zisioshwe kwenye beseni la vyombo. Sakafu iliyotapikiwa ifutwe kwa maji ya klorini yenye nguvu, asilimia 0.5, kisha watoto wakae mbali mpaka pakauke. Na wakiwepo walezi wawili, siku ile ya zamu anayepika asibadilishe nepi.

Kuhusu sabuni, nawaomba wenye vituo wasitoe fedha zao kwa sabuni zinazotangazwa kuua vijidudu. Utafiti uliofanyika kwenye mitaa maskini ya Karachi, Pakistan, na kuchapishwa mwaka 2005, ulilinganisha kaya zilizopewa sabuni na kuhimizwa kunawa na kaya zisizopewa. Nimonia kwa watoto wa chini ya miaka mitano ilipungua kwa nusu. Kuhara kulipungua kwa zaidi ya nusu. Na sabuni ya kawaida ilifanya kazi sawa na ile yenye dawa. Kipande cha sabuni ya kufulia kilichofungwa kwenye soksi na kuning’inizwa kwenye kibuyu chirizi kinatosha.

Niseme na lililo gumu kusemwa mbele ya walezi. Ugonjwa haupandi tu kutoka kwa mtoto kwenda kwa mlezi. Hushuka pia. Katika kifua kikuu, mtoto mdogo mwenye ugonjwa mara chache huambukiza wengine, kwa kuwa hakohoi kwa nguvu wala hatoi makohozi yenye vimelea vingi. Anayemwambukiza mtoto karibu kila mara ni mtu mzima anayekaa naye chumba kimoja kwa saa nyingi. Mlezi ni mtu wa namna hiyo hasa. Kikohozi cha wiki mbili, jasho la usiku, kukonda: apime makohozi, na kupima na kutibiwa kifua kikuu katika vituo vya serikali ni bure. Lakini nani atakwenda kupima ikiwa anajua majibu yatamwondoa kazini? Mlezi anayeficha kikohozi na mama anayeficha homa wanafanya jambo moja kwa sababu moja. Akianza dawa zinazomfaa, ndani ya wiki chache za mwanzo uambukizaji hushuka sana, na daktari ndiye atakayesema lini anarudi. Nafasi yake imngoje. Mwenye kituo anayemhakikishia hivyo mbele ya wenzake atakuwa amewalinda watoto zaidi ya yule anayewafukuza wakohozi.

Sasa sheria, kwa kifupi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde afya ya mfanyakazi, wala haisemi kwamba kituo cha watoto si mahali pa kazi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 imeweka mfuko wa kuwalipa wanaoumia au kuugua kwa sababu ya kazi. Sheria ya Ajira inampa mfanyakazi siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Na Juni 2025 huko Geneva, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba namba 192, wa kwanza wa kimataifa kuhusu hatari za kibiolojia kazini, yaani virusi, bakteria na vimelea vinavyompata mtu kwa sababu ya kazi anayoifanya. Ninatamani wabunge wetu waujadili wakimkumbuka mlezi, siyo maabara na hospitali pekee.

Ila haki ya fidia inahitaji ushahidi, na mlezi hana maandishi. Akiugua tetekuwanga leo, nani atathibitisha kwamba aliipata kituoni? Ndiyo maana ninaomba kila kituo, hata cha chumba kimoja, kiwe na daftari la magonjwa. Tarehe, mtoto, dalili, mlezi aliyemhudumia, mama alijulishwa saa ngapi. Mistari miwili kwa siku. Daftari hilo litamwonesha mlezi kwamba watoto watatu wameharisha tangu Jumatatu kabla hajafika wa nane. Litamwambia mlezi mjamzito asogee. Na siku mlezi atakapolala hospitali, litakuwa ndilo shahidi wake. Lifichwe mbali na macho ya wapita njia, maana ugonjwa wa mtoto ni siri ya familia yake.

Najua swali mtakalouliza nikimaliza, kwa sababu huulizwa kila mahali: fedha zitoke wapi? Nianze na namna tunavyolipana. Vituo vingi vya mitaani hulipwa kwa siku: mtoto akija, mama analipa, asipokuja, halipi. Kwa utaratibu huo mlezi hupata hasara kila anapomrudisha mgonjwa, na watoto watano wakirudishwa, chakula cha nyumbani kwake kimepungua. Tumemwambia alinde afya za watoto, kisha tukampangia malipo yanayomwadhibu akifanya hivyo. Ada ikilipwa kwa wiki au kwa mwezi, hata ikikusanywa kidogo kidogo, siku za ugonjwa zikiwa ndani yake, mlezi anaweza kusema “mrudishe, mama, aje akipona” bila kupiga hesabu ya unga. Wazazi watalalamika mwanzoni. Waelezwe kwamba wananunua na siku ambayo mtoto wa jirani atazuiwa asije kumwambukiza wa kwao.

La pili ni mlezi wa akiba. Vituo vitano vya mtaa mmoja vinaweza kuchanga kupitia kikoba chao na kumlipa mtu mmoja aliyefundwa, anayejulikana kwa serikali ya mtaa, ambaye huingia popote mlezi anapougua au anapotakiwa kukaa mbali kwa ajili ya mimba. Walezi wanaopokezana vikoba kwa ajili ya ada za shule na misiba wanaijua njia hii kuliko mimi. Halmashauri zinatenga fedha za mikopo kwa vikundi vya wanawake. Sioni kwa nini kikundi cha walezi wa mtaa kisiwe miongoni mwao.

La tatu liko mikononi mwa zahanati, na halihitaji bajeti mpya. Mlezi anayeanza kazi apewe nafasi ya kukaa na muuguzi kwa dakika ishirini: ameugua nini, amechanjwa nini, anatarajia kupata mimba, ana selimundu au kisukari, kikohozi chake kikoje. Muuguzi aandike, amshauri, ampe karatasi. Wauguzi wenzangu mlioko hapa, siku ya kliniki ya watoto walezi hupita mlangoni mwetu wamebeba watoto wa watu, na sisi humpima mtoto uzito tukamrudishia. Kuanzia kliniki ijayo, tumwombe aliyembeba naye akae kitini.